Ulizeni Tu: Ameitika "Sawa", Kwani Ameelewa?

Haya wasomaji wangu, mwezi huu nilikuwa nimepanga tuongee mambo ya urithi na viwanja lakini nikifungua meseji zenu naona karibu nusu wanalia kitu kimoja, kwamba tunaongea na hatuelewani. Na si ati Mchina na Mgiriama, la, ni watu wa Kiswahili kwa Kiswahili. Mimi kabla sijaanza hii kolamu nilikaa kortini miaka mingi nikifanya ukalimani, na nawaambia neno usilolijua halina shida sana manake utauliza. Taabu ni lile unalodhani unalijua. Hilo huulizi, unaitika tu "sawa", na kila mtu anaenda zake na yake. Basi urithi tumeweka kando, tuanze na huyu mkamwana.

SWALI: Shikamoo Bi Mkalimani. Mimi ni mtu wa Nyeri, nimeolewa hapa Mji wa Kale, huu mwaka wa pili, tunaishi na mama mkwe. Kiswahili shuleni nilipata A kwahivyo nilijua hapo sina wasiwasi. Siku ya kwanza kwa hiyo nyumba mama akaniita "Ndoo mwanangu, ndoo!" nikakimbia uani nikamletea ndoo. Akaniangalia. Akasema tena ndoo, nikaleta ya pili. Mawifi walicheka mpaka wakakaa chini, na hiyo hata mimi niliicheka baadaye. Lakini juzi nilikuwa jikoni natabasamu na simu yangu, akapita akaniuliza "Waniteka?" nami nikashtuka nikamjibu, mama nikuteke kwani mimi ni jambazi? Akanyamaza. Tangu hiyo siku ananituma kupitia kwa mtoto, "mwambie mamako afanye hivi". Mume wangu anasema nimekosa adabu na mimi walahi sijui nimekosea wapi. – Mkamwana, Mji wa Kale

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole, na unisamehe manake nimecheka mpaka chai ikapoa. Mama mkwe wako alikuwa akikuuliza "Unanicheka?" Kwa Kimvita, Kiswahili cha hapa Mombasa, kucheka ni kuteka. Sasa chukua upande wake: yeye anapita, amkuta mkamwana anatabasamu, anauliza kwa upole kama anachekwa yeye, na jibu analopata ni "kwani mimi ni jambazi?" Hata ningekuwa mimi ningenyamaza. Wewe umesikia utekaji nyara wa kwenye taarifa ya habari, yeye amesikia mtoto mkavu wa macho. Hakuna aliyekosa adabu hapo, lakini mtu wa kwenda kulimaliza ni wewe kwasababu wewe ndio mdogo. Nenda leo, si kesho, mwambie "mama nilisikia kuteka kwa bunduki, sikujua ni kucheka." Atacheka, halafu ataisimulia kwa kila harusi mpaka ufe, hiyo uizoee.

Na kuhusu hiyo A yako, usiitupe, ila ujue ni A ya wapi. Mwaka 1928 wakubwa wa kikoloni walikutana kuamua Kiswahili gani kitatumika shuleni na vitabuni Afrika Mashariki yote. Wamishonari wa huku walikuwa wanavuta Kimvita, wale wa Zanzibar wanavuta Kiunguja, na mkutano ulifanyika wapi? Hapahapa Mombasa. Na uliamua nini? Kiunguja. Yaani tulialikwa kwetu tukashindwa kwetu. Kamati ya lugha ikaundwa 1930 na tangu hapo mtoto wa Nyeri na mtoto wa Kibokoni wote wanafundishwa "njoo" na "macho" na "mchele", halafu wa Kibokoni anarudi nyumbani anakuta "ndoo" na "mato" na "mtele" kama alivyoziacha mshairi wetu Muyaka bin Haji aliyekufa 1840. Wewe umekuja na cha darasani, mama ana cha kuzaliwa. Chako hakijakosea na chake hakijavunjika, msimsikize mwalimu yeyote anayewaambia Kimvita ni Kiswahili kibovu, hilo huniwasha sana.

Njia nyepesi ya kuanzia ni hii: penye ch ya shuleni sikiliza t, penye nj sikiliza nd. Macho mato, mchuzi mtuzi, mchanga mtanga, njia ndia, njaa ndaa. Si kila neno, usije ukaanza kuagiza "tai" ukitaka chai, watakuletea ndege. Na kuna mambo ambayo maandishi hayaonyeshi. Mama akisema kaa la jikoni na kaa wa baharini wewe unasikia neno moja, yeye ni maneno mawili, huyu wa baharini k yake inatoka na pumzi. Paa la nyumba na paa wa mwituni vilevile. Usijaribu kuyaiga haraka, we sikiliza tu. Na ukipotea uliza kwa sauti, "mama, hilo kwetu ni nini?" Wazee wa Mombasa wanapenda kuulizwa maneno kuliko kuletewa zawadi.

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi natokea Tanga, naleta machungwa Kongowea. Jamani hapa kwenu nina mambo mawili. Moja nikiingia hotelini nikasema "naomba chai" mhudumu ananiangalia kama nataka ya bure, na wao wakija kwangu ni "leta machungwa!" hadi nahisi naporwa. La pili mteja aliniuliza "bibi hajambo?" nikamwambia bibi alishafariki zamani, nashukuru alikula chumvi nyingi. Kesho yake wafanyabiashara wamenichangia pesa ya rambirambi. Nizirudishe? – Muuza machungwa

JIBU: Zirudishe kaka yangu, na urudishe na machungwa juu. Kwa Wakenya wengi hasa wa bara, bibi ni mke. Walifikiri umefiwa na mkeo na unamzungumzia kikavu hivyo, labda hata walikuogopa. Bibi wa kwenu huku wengi watamwita nyanya, na nyanya wa sokoni Waswahili wenyewe wa hapa wanamwita tungule, kwahivyo ukitaka usalama pale Kongowea sema mke na sema tungule.

La "naomba" liache lilivyo. Huku kuomba kumekaa karibu sana na kuombaomba, ndio unatazamwa hivyo, lakini baada ya siku tatu mhudumu atakujua na chai yako itakuja ya kwanza. Na hao wanaosema "leta" hawakutukani, kwao ni neno la kawaida kabisa kama wewe unavyosema naomba. Tuendelee, kuna barua hapa imeninyima usingizi.

SWALI: Asalaam aleikum Bi Mkalimani. Naishi Kisauni na nyanya yangu ana miaka sabini na kitu. Mwezi uliopita alisema ana homa na baridi, nikampeleka kliniki moja. Kijana aliyetuhudumia ni wa bara, mpole tu, akamuuliza "homa imeanza lini" nyanya akasema juzi, akamuuliza "unakohoa?" nyanya akasema kidogo. Tukapewa dawa ya mafua na vitamini. Siku ya tatu nyanya hawezi hata kuinuka, tumekimbia kwingine wakampima damu, malaria. Huko tukapewa dawa, vidonge vinne vinne, yule nesi akasema "meza sasa hivi hapa, halafu tena saa nane, halafu asubuhi na jioni". Nyanya alimeza za kwanza saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa kazini, kurudi nakuta za pili amemeza saa nane mchana vile alivyoambiwa. Mjomba akanigombeza ati nimetaka kumuua mamake. Alhamdulillahi amepona lakini mimi nataka kujua, kosa lilikuwa la nani? – Mjukuu, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu, na tumshukuru Mungu kwa uzima wa nyanya. Wataka kujua kosa la nani, nami nitakuambia moja lilikuwa la neno "homa" na la pili la neno "saa", na watu wote waliokuwepo walikuwa wanasema kweli.

Homa kwanza. Kwa nyanyako homa ni mwili kuwaka moto. Mafua ni mafua, yale ya pua. Kwa yule kijana wa kliniki, na kwa nusu ya Kenya, homa ndio hayo mafua yenyewe, kamasi na kupiga chafya. Halafu nyanya akaongeza "na baridi". Yeye amaanisha anatetemeka ndani ya blanketi na jua la Mombasa liko nje, kijana anasikia mtu aliyepigwa na upepo. Kila neno alilosema nyanya lilizidi kumpeleka kijana upande wa mafua, na kila swali la kijana nyanya alilijibu vizuri! Wangekuwa hawaelewani kabisa, mmoja Mdigo na mwengine Mjaluo, wangetafuta mtu wa kutafsiri. Hapa hawakutafuta kwasababu walikuwa wanaelewana.

Ningekuwa wewe, siku nyingine usitaje jina la ugonjwa. Taja kinachoonekana. "Usiku mwili wake ulikuwa wamoto, natumia mkono kumshika, halafu anatetemeka, halafu jasho." Hapo hakuna Mpwani wala mtu wa bara atakayekosea, atachukua kipimajoto, na akiona joto huku kwetu pwani atatoboa kidole apime malaria. Na si homa peke yake. Mtu akisema mguu unaniuma, mguu wa Kiswahili unaanzia nyongani unaishia kwa kidole, mkono vilevile ni kutoka begani, kwahivyo onyesha kwa kidole, usione haya. Na chembe cha moyo! Wazee wetu wakisema chembe cha moyo chaniuma wanashika hapa juu ya tumbo, pale mbavu zinapokutana. Aliyesikia "moyo" anaenda kwa moyo, aliyeona mkono umeshika wapi anaenda kwa tumbo. Na hapo nawaambia nendeni hospitali vyovyote vile, manake kuna watu moyo wao hasa unaumia na maumivu wanayasikia palepale, msije mkajiamulia nyumbani ni vidonda vya tumbo kwasababu ya kolamu yangu.

Sasa saa. Hii ndio iliyoninyima usingizi. Ile dawa ya malaria ya vidonge vinne, kwa mtu mzima ni mara sita, siku tatu, jumla vidonge 24. Mara ya kwanza ni hapohapo, ya pili ni baada ya muda wa saa nane, halafu zinazobaki ni asubuhi na jioni siku mbili. Nesi alimaanisha muda wa saa nane uhesabu kutoka ulipomeza, yaani za pili zingekuwa saa kumi na mbili jioni. Nyanya amesikia saa nane, na saa nane kwa mtu yeyote anayejua saa ni baada ya adhuhuri. Amemeza kwa wakati kabisa, tena nahakika aliangalia saa ya ukutani akasubiri mshale ufike. Mjomba wako amwombe radhi mjukuu.

Na hapa niseme kitu walimu wa Kiswahili wanichape. Mimi shuleni nilipigwa kwa kusema "masaa". Mwalimu akituambia saa ni saa, moja ni saa na nyingi ni saa, masaa ni lugha ya vijiweni. Sawa, sarufi iko upande wake. Lakini sikiliza mtaani watu wanavyolitumia: "saa nane" ni wakati wa kwenye ukuta, "masaa nane" ni muda. Hakuna aliyewafundisha, wameona pana shimo wakalifunika wenyewe. Huyo nesi angesema "baada ya masaa nane" nyanya angeelewa bila shida, lakini pengine naye alipigwa na mwalimu kama wangu. Basi msomaji ukiwa na dawa mkononi tumia masaa, na mtihani ukifika utumie saa. Au afadhali zaidi hesabu kabisa, "umemeza saa nne, utameza tena saa kumi na mbili magharibi", uandike kwa ile bahasha.

Na usiulize mgonjwa "umeelewa?" Mzee wa kipwani ukimuuliza umeelewa atasema ndiyo mwanangu, kwasababu kusema sijaelewa ni kama kukuambia wewe hujui kueleza, atakusitiri. Muulize "nyanya, hizi utazimeza vipi?" umwache asimulie. Utaona mambo.

SWALI: Niaje Bi Mkalimani, mimi ni dereva wa tuktuk Bamburi. Nimepata hasara mbili wiki moja. Mzungu wangu Mjerumani amejifundisha Kiswahili kwa simu, akanitumia meseji "nichukue saa kumi na mbili" nimpeleke Miritini, stesheni ya treni. Nimefika saa kumi na mbili jioni nakuta ameshavimba kwa hasira, treni yake ilikuwa ya saa tisa alasiri. Hakunilipa. Halafu familia moja ya Mji wa Kale wameniweka nibebe akina mama kwa ngoma ya harusi "usiku wa Ijumaa", Ijumaa usiku nimefika nimeosha tuktuk hadi inang'aa, nyumba kimya, wananiambia harusi ilikuwa jana. Jana! Hawa watu wananichezea ama? – Dereva, Bamburi

JIBU: Poa mwanangu. Hawakuchezei, ila Mzungu amekosea Kiswahili na hao wengine wamekipatia kuliko wewe.

Mjerumani alitazama simu, simu inasema 12, akatafsiri kumi na mbili. Alitaka umchukue adhuhuri, saa sita. Sisi saa zetu zinaanza jua linapotoka, na hapa jua halitutupi, tuko nyuzi nne tu chini ya ikweta, mwaka mzima linachomoza saa kumi na mbili na dakika zake, ndio ikawa rahisi kuhesabu kuanzia hapo. Kwao jua la Desemba na la Juni ni majua mawili tofauti, wangehesabu kutoka macheo saa ingekuwa inahamahama. Kwahivyo ukipata mteja mgeni anakuandikia saa kwa Kiswahili mrudishie na jua lake: "saa kumi na mbili, jua likizama?" Au mwandikie tarakimu kama za simu, 12:00, mambo yakaisha. Kwa hasara hiyo mgawane nusu, ye alikosea lakini wewe unajua watalii miaka mingapi na hukuuliza. Mtu anaenda stesheni ya Miritini, ungemuuliza treni yake ni ya saa ngapi.

Sasa hao wa Mji wa Kale. Kwa Waswahili siku inapokelewa na magharibi. Jua likizama Alhamisi Ijumaa imeingia, ndio maana usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, ule ambao misikitini na majumbani watu wanasoma. "Ijumaa usiku" ni kitu kingine. Na najua utaniambia sasa saa inaanza asubuhi na siku inaanza magharibi, hii ni akili gani? Ndio hivyo, tuna hesabu mbili kwa nyumba moja na hatujawahi kugombana nazo. Angalia hata majina ya siku, Jumatano ni ya tano ukihesabu kutoka Jumamosi, halafu kesho yake Alhamisi, hiyo nayo ni ya tano kwa Kiarabu, wao wanaanza kuhesabu Jumapili. Wiki moja ina tano mbili na hakuna aliyeshtaki. Wewe ukipewa kazi ya usiku uliza "wa kuamkia lini?" Maneno matatu tu, na tuktuk haitaoshwa bure.

SWALI: Bi Mkalimani nimekuwa nikisoma kolamu yako na najua ulikuwa kortini ndio nakuandikia. Jirani yetu hapa Changamwe ni mzee wa Kiduruma kutoka ndani huko Kinango, Kiswahili chake ni cha kuungaunga. Aligombana na mtu akashikwa, kortini akasomewa kwa Kiswahili, akasema "ni kweli", sasa amefungwa. Mimi namjua, mzee hukubali kila kitu akiongea na mtu mwenye tai. Ukimuuliza ulimpiga anasema ni kweli tulipigana, yule ndiye alinianza na panga. Kuna la kufanya? – Jirani

JIBU: Lipo, na upesi. Rufaa inatakiwa ndani ya siku 14 tangu hukumu ya kifungo. Zikiwa zimepita korti inaweza kuongeza muda mkitoa sababu nzuri, lakini msilale. Kawaida mtu aliyekiri anaruhusiwa kukata rufaa juu ya adhabu tu, ila kama kukiri kwenyewe hakukuwa kukiri hiyo ni habari nyingine. Kwa hilo tafuteni wakili, na kama hakuna pesa Kituo Cha Sheria wana ofisi hapa Mombasa, anzieni hapo.

Mwambie huyo wakili haya. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, mtu akikamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 50, mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi apewe mkalimani na asilipe hata senti. Na tangu kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973 hakimu anatakiwa mashtaka yasomwe na yaelezwe kwa lugha ambayo mshtakiwa anaielewa, na akijibu jibu liandikwe kwa karibu iwezekanavyo kama alivyolisema yeye. "Ni kweli tulipigana, yeye alinianza" si kukubali kosa, huyo anajitetea. Kama karani aliandika "ni kweli" akaweka nukta, hiyo nukta ndiyo imemfunga mzee. Ombeni nakala ya mwenendo wa kesi muone lugha gani imeandikwa na aliyetafsiri ni nani.

Nitakuambia na langu. Mwaka wangu wa kwanza nilikaa baina ya hakimu na mzee mmoja wa Kimijikenda, si huyu wako. Mimi Kimijikenda nakisikia vizuri, ni ndugu na Kiswahili, maneno mengi ukiyatikisa kidogo yanatoka. Mzee akasema alikuwa anaelekea "mudzini". Nikatafsiri anaelekea mjini. Hakimu akaandika. Upande wa mashtaka ukaona sasa alikuwa anakimbilia mjini usiku baada ya tukio, kwanini akimbie? Na mzee alikuwa anaenda kwake, mudzi ni bomani pake, kwa wake zake na mbuzi wake. Aliyenikosoa ni mama mmoja aliyekaa kwenye fomu ya nyuma, alikuja tu kusikiliza, akapiga kelele mpaka akataka kutolewa nje. Hakimu, Mungu amrehemu, akasimamisha kesi akamwita mbele. Tangu siku hiyo nikiletewa lugha ambayo ni ndugu ya Kiswahili nilikuwa naogopa zaidi kuliko nikiletewa Kisomali, manake Kisomali sikijui na najua sikijui, ningesema tafuteni mtu.

Kwahivyo mkifika kwenye rufaa semeni mapema, kabla mzee hajafungua kinywa, kwamba anataka mkalimani wa Kiduruma. Si wa "lugha za pwani". Wa Kiduruma. Na mumwambie mzee asiitike kitu kwasababu aliyeuliza amevaa vizuri.

SWALI: Dada, baba yetu alipata kiharusi mwezi wa pili, upande wa kulia umelegea na maneno yamepotea. Anasema vitu havieleweki, kikombe anaita kofia. Kinachotuumiza ni chakula. Tukimuuliza "utakula?" anasema hapana, tukiondoa sahani analia. Kaka yangu anasema baba amekuwa kama mtoto, akili imeenda. Ni kweli? – Binti, Likoni

JIBU: Si kweli, na mwambie kaka asiseme hivyo mbele yake kwasababu baba anasikia. Kwa watu wengi sehemu ya maneno iko upande wa kushoto wa ubongo, na upande huohuo ndio unaoendesha mkono na mguu wa kulia, ndio maana vimeanguka pamoja. Lililoumia ni ghala la maneno, mtu mwenyewe yumo. Anatafuta kikombe anashika kofia, na pengine anasikia mwenyewe kwamba amekosea. Na wagonjwa hawa "ndiyo" na "hapana" hubadilishana sana kinywani. Amesema hapana, moyoni ni ndiyo, mmeondoa sahani. Wewe ungekosa kulia?

Hata marehemu mamangu alikuwa hivi miezi minane. Zimeni tivii mkiongea naye, muongee mmojammoja, swali moja kwa wakati, halafu mnyamaze mhesabu kumi, msimmalizie neno. Muulizeni hospitali mlikotibiwa wawape mtaalamu wa usemi, wapo na mapema ni bora. Na kwa chakula msimuulize tena kwa mdomo. Mwekeeni sahani mbili mbele, wali huku, uji huku, muangalie mkono wake wa kushoto unaenda wapi. Mamangu siku ya kwanza tuliyofanya hivyo alisema "hapana, hapana, hapana" na huku anavuta samaki.